Viatu vya Mwanamkuu na Kiti Kilichoyumba

Hapo zamani, wala si zamani mno, kwa kuwa kiti nitakachokitaja kingali kinayumba hadi leo, palikuwa na mji uitwao Mvumoni, na katika mji huo palikuwa na mtoto wa kike aliyeitwa Mwanamkuu binti Shekue. Nitayaeleza mambo kwa mpangilio yalivyotukia, moja baada ya jingine, kwani mwishoni mtatakiwa kuhukumu, na hakimu aliyeruka hatua moja huhukumu vibaya.

Kwanza ni habari ya kipimo. Mwanamkuu alipokuwa na umri wa miaka sita, baba yake, Mzee Shekue, alikusudia kwenda Hija. Asubuhi ya kuondoka alimsimamisha binti yake ukutani, akachukua ukindu mbichi uliochumwa siku ile ile, akaulaza chini ya wayo wake kutoka kisigino hadi ncha ya kidole gumba, akaukata kwa wembe. Alimwahidi kuwa atamletea viatu vya Idi ambavyo macho ya Mvumoni hayajapata kuviona. Kisha akautia ukindu ule ndani ya kofia yake, akaivaa kofia, akaondoka.

Pili ni habari ya safari. Mzee Shekue alitarajiwa kurudi baada ya miezi saba, akarudi baada ya miaka miwili na mwezi mmoja. Wakati wa kwenda alizuiwa karantini siku arobaini kwa sababu ya kikohozi cha mtu mwingine. Wakati wa kurudi aliufuata msafara usio wake, akafika Misri, na kwa kuwa alikuwa mtu wa heshima asiyependa kuulizauliza, alikaa huko majuma matatu akidhani kuwa yuko Jidda. Hata hivyo hakuisahau ahadi. Katika mji wa Iskandaria alimwona fundi wa Kiyunani, akaitoa kofia, akautoa ukindu, akamkabidhi. Fundi akashona viatu vya ngozi nyekundu ing'aayo, vyenye bizimu ya kufungia, ya fedha, mfano wa kipepeo, na visigino vidogo vilivyolia ko, ko, ko juu ya sakafu. Fundi huyo hakukosea hata kwa upana wa unywele. Alifuata ukindu.

Hapo zingatieni jambo moja. Ukindu mbichi hupungua ukikauka, na mguu wa mtoto huongezeka ukilishwa. Ukindu ulikuwa umekauka kwa miaka miwili ndani ya kofia, na mguu ulikuwa umelishwa kwa miaka miwili na mama yake Mwanamkuu, mwanamke ambaye hakujua kupika kidogo.

Mzee Shekue aliingia Mvumoni mkesha wa Idi. Asubuhi yake, mbele ya majirani wote, aliviweka viatu vile juu ya mkeka, akapiga magoti mwenyewe, akamvalisha binti yake. Mguu wa kulia uliingia kwa mafuta ya nazi. Wa kushoto uliingia kwa mafuta ya nazi na dua. Mzee Shekue akainua uso, na machozi ya furaha yalikuwa yamemlenga.

"Vinakubana, mwanangu?"

Mwanamkuu alimtazama baba yake, ambaye alikuwa amekonda, amezeeka, na amekaa Misri majuma matatu bila kujua.

"Havinibani, Baba," akasema, akatabasamu.

Kutoka nyumbani hadi uwanja wa Idi ni hatua mia mbili na kumi. Mwanamkuu alizitembea kwa namna pekee iliyowezekana: hatua mbili fupi, kituo, vidole vikielekea ndani, pumzi ndefu, hatua mbili fupi, kituo, vidole vikielekea ndani, pumzi ndefu. Na muda wote alitabasamu, kwa sababu baba yake alikuwa akigeuka kumtazama kila baada ya hatua ishirini.

Mvumoni haikuwa imepata kuona mwendo kama ule. Wanawake waliokuwa barazani waliacha mazungumzo. Mmoja alisema kwamba huo ndio mwendo wa watu waliofika mbali. Kufikia adhuhuri wasichana saba walikuwa wakiuiga, na kufikia Idi Kubwa hapakuwa na msichana Mvumoni aliyetembea kama watu wengine. Wajuzi wa nasaba walipoulizwa, walithibitisha kuwa mwendo ule ulitoka Shirazi pamoja na mababu, ukapotea kwa vizazi tisa, na sasa umerejea.

Mwanamkuu alivivaa viatu vile mara tatu tu: Idi Ndogo, Idi Kubwa na Maulidi. Mara ya nne hata kidole gumba kilikataa kuingia, na mama yake, aliyejua kila kitu tangu siku ya mafuta ya nazi, alivifungia sandukuni akisema visije vikapata vumbi. Lakini mwendo haukufungiwa sandukuni. Baba yake aliusimulia kila Ijumaa hadi alipofariki. Kwa mwendo ule Mwanamkuu alichumbiwa na Bwana Mshamu akiwa na miaka kumi na minane. Kwa mwendo ule, akiwa na miaka thelathini, alifanywa kungwi mkuu wa mji, yaani mwanamke anayewafunda maharusi na kuwatangulia siku ya kutolewa nje. Tangu siku hiyo, kila bibi harusi wa Mvumoni alifundishwa hatua mbili fupi, kituo, vidole ndani, pumzi ndefu. Wageni kutoka miji mingine walisema kuwa maharusi wa Mvumoni hutembea kama watu waliokanyaga mkaa, na watu wa Mvumoni walijibu kuwa huo ni wivu.

Pamoja na ukungwi huo alipewa kiti. Kilikuwa kiti cha mpingo chenye nakshi za mifupa, kirefu mgongoni, na kilitangulizwa katika kila harusi. Aliyekikalia alipakuliwa sahani ya kwanza, na hakuna aliyeanza kula kabla yake. Kiti kilikuwa na ila moja: mguu mmoja uliliwa na mchwa, ukawa mfupi. Bwana Mshamu, mume wake, alijaribu kuweka kipande cha tofali, kikawa kinene. Akajaribu kifuu cha nazi, kikapasuka. Mwishowe alikwenda ndani, akarudi na kitu alichokizungushia matambara, akakifunga chini ya mguu ule. Kiti kikatulia. Bwana Mshamu hakumwambia mtu alichokiweka, wala hakuna aliyemuuliza. Miaka sita baadaye alifariki.

Mwanamkuu alipolifungua sanduku baada ya hapo, alikuta kiatu cha kulia peke yake. Alimshuku panya, akamtilia sumu, lakini kiatu cha kushoto hakikuonekana.

Sasa tuivuke miaka. Bi Mwanamkuu alitimiza miaka sabini na minane, magoti yakamgomea, na mji ukataka kujua nani atarithi kiti. Mwezi wa Shaabani, aliwakusanya watu barazani kwake, akawatolea sharti ambalo hakuna aliyelielewa.

"Nataka viatu vyangu vya Idi vionekane vyote viwili," alisema. "Nataka vivaliwe na mtoto siku ya Idi. Na nataka mtoto huyo awe ndani ya viatu na acheke kweli. Sikusema atabasamu. Kutabasamu nakujua. Acheke. Atakayenionyesha hayo kabla sijazikwa, kiti ni chake."

Waliokuwapo walidhani ni uzee. Ila wanawake watatu hawakudhani lolote; waliondoka mbio, kila mmoja na lake moyoni.

Wa kwanza alikuwa Rukia, mkwe wake Bi Mwanamkuu. Kwa miaka ishirini na miwili Rukia alikuwa amekibeba kiti kile kichwani kukipeleka harusini na kukirudisha, na hakuwa amekikalia hata mara moja. Wa pili alikuwa Mize, mjane wa fundi viatu, aliyerithi sindano, nta na ufundi wa marehemu. Katika harusi zote alikalishwa mlangoni, penye rundo la viatu vya watu, kana kwamba hapo ndipo kwao. Wa tatu alikuwa Kibibi, mpiga vugo, ile pembe wanayoigonga wanawake harusini. Kwa kuwa vugo hupigwa mtu akiwa amesimama, Kibibi alikuwa amezisimamia harusi za Mvumoni kwa miaka thelathini, na miguu yake ilikuwa imevimba kama mihogo. Kwa hiyo watatu hawa walishindania kitu kimoja: kukaa.

Rukia alianza. Alitafuta kiatu cha kushoto darini, hakukipata. Alitafuta kisimani, hakukipata. Alilipekua banda la kuku, akapata mayai kumi na moja na kijiko alichokuwa amemsingizia jirani kwa miaka mitano. Siku ya tisa alikata tamaa, akakiinua kiti akipanguse vumbi kama ilivyokuwa desturi yake, na tambara la chini ya mguu, lililooza kwa umri, likadondoka. Kutoka ndani ya tambara ilitokeza bizimu ya fedha mfano wa kipepeo.

Kiatu cha kushoto kilikuwa kimekaliwa kwa miaka arobaini na minane. Kilikuwa bapa kama chapati. Na kiti, kilipoondolewa kiatu, kikaanza kuyumba.

Bi Mwanamkuu alipoletewa habari hiyo, alikiomba kiatu, akakipakata. Kisha alisema kuwa kumbe miaka yote hiyo alikuwa ameukalia uongo wake mwenyewe, na ndiyo maana haukupata kusimama. Rukia alidhani ni uzee.

Mize akashika zamu yake. Aliilowesha chapati ile katika mafuta ya nazi siku tatu. Aliuomba ule ukindu wa zamani, ambao ulirudi pamoja na viatu na Bi Mwanamkuu akauhifadhi ndani ya msahafu, akachonga mguu wa mti wenye urefu ule ule, akauingiza ndani ya kiatu kidogo kidogo, usiku na mchana, kwa siku saba. Alishona upya kisigino, akakipaka nta. Kiatu kikasimama, kikang'aa, kikalia ko. Watu walimwambia kuwa kiatu kile kimefufuka. Mize alijibu kwamba kufufua ni kwa Mungu, yeye amenyoosha tu.

Ndipo Kibibi akaingia mitaani na ukindu mkononi. Alianza mashariki ya mji akaelekea magharibi, nyumba kwa nyumba, bila kuruka. Alipima nyayo za watoto sitini na watatu. Mtoto wa sitini na nne alikuwa Zamda, mjukuu wa mpika vitumbua, mwenye miaka mitano na miezi minane, na wayo wake ulilingana na ukindu pasipo kuzidi wala kupungua. Walimvalisha viatu pale pale. Viliingia bila mafuta na bila dua. Zamda akaruka, akacheka, akakimbiza bata.

Lau Idi ingekuwa siku ile, nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia. Lakini siku ile ilikuwa ya mwisho ya Shaabani. Ramadhani nzima ilikuwa mbele yao, na Kibibi alichelea mtoto asije akabadili nia au akahamishwa na wazazi. Akaona njia bora ni kumfanya apende kuja kwake. Kila magharibi alimwita Zamda kwenye futari: siku ya kwanza vitumbua vinne, siku ya pili vitumbua vitano na uji wa pilipili manga, na kuendelea. Mize alipoona hayo alimwonya.

"Bi Kibibi, huyo mtoto unamnenepesha kama kuku wa hitima."

"Wewe shughulika na ngozi yako ya kiatu," alijibu Kibibi. "Ya mtoto niachie mimi."

Mtakumbuka kuwa mguu wa mtoto huongezeka ukilishwa. Kibibi hakukumbuka, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia.

Asubuhi ya Idi ikafika. Zamda alivikwa gauni la kijani, akapakwa wanja, akaletwa mbele ya Bi Mwanamkuu aliyeketi barazani juu ya kiti chake kinachoyumba, Rukia akiwa amekishika kwa nyuma. Mize akapiga magoti amvalishe. Mguu wa kulia ulisita. Mize alimtupia jicho Kibibi, Kibibi akatazama juu. Mize akaomba mafuta ya nazi. Mguu wa kulia uliingia kwa mafuta. Wa kushoto uliingia kwa mafuta na dua.

Zamda alimwinulia uso bikizee yule. Alimwona analia kwa furaha, hali hakuna aliyewahi kumwona akilia. Akatabasamu, akageuka, akaanza kutembea kwenda uwanja wa Idi.

Hatua mbili fupi. Kituo. Vidole vikielekea ndani. Pumzi ndefu.

Mji mzima ulipiga vigelegele. Mtoto asiyefundwa na mtu alikuwa anatembea mwendo wa Mvumoni bila kosa hata moja. Mjuzi wa nasaba aliyekuwa karibu alikaa chini kwa uzito wa ushahidi, akasema sasa Shirazi haina mpinzani. Kibibi aligonga vugo. Rukia alikiachia kiti apige makofi. Ni mtu mmoja tu, katika umati wote, aliyekoma kulia.

Bi Mwanamkuu aliagiza mtoto arudishwe. Akamwinamia sikioni.

"Vinakubana, mjukuu wangu?"

"Havinibani, Nyanya," akasema Zamda, akatabasamu.

Bi Mwanamkuu aliufumba mdomo wake kwa ncha ya kanga. Kisha akainuka kwa mkongojo, akamnyanyua mtoto akisaidiwa na Rukia, akamkalisha juu ya kiti cha mpingo, na kwa mkono wake akamvua kiatu cha kulia. Vidole vitano vilitoka vimebanana kama karafuu kikonyoni. Kabla hajamvua cha kushoto, Zamda alijisogeza apate nafasi, na kiti, ambacho hakikuwa na mshikaji, kikayumba mbele, kikayumba nyuma, ko, kikayumba mbele, kikayumba nyuma, ko. Mtoto akashtuka. Kisha akacheka. Alicheka hadi kwikwi zikamshika, na kiatu cha kushoto kikiwa bado mguuni, kinametameta hewani.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, na sitauongezea neno.

Rukia alisema kiti ni chake. Hoja yake ilikuwa kwamba mtoto amechekeshwa na kuyumba, na kiti kinayumba kwa sababu yeye ndiye aliyekiondoa kiatu chini yake. Lau angeliacha lile tambara mahali pake, mtoto angekuwa amekaa kimya kama maharusi wengine. Aliongeza kuwa ana miaka ishirini na miwili ya shingo isiyogeuka.

Mize alisema kiti ni chake. Sharti lilikuwa mtoto awe ndani ya viatu na acheke. Wakati wa kicheko, kiatu kilichokuwa mguuni kilikuwa kipi? Cha kushoto. Na cha kushoto kilikuwa nini kabla yake? Chapati.

"Lakini bibi alisema viatu, hakusema kiatu," alidakia Kibibi. "Kwa hiyo kilichohesabika si kiatu, ni kicheko, na kicheko ni cha mtoto, na mtoto nimemleta mimi, baada ya nyayo sitini na tatu, nyingine hazijaoshwa."

"Mtoto umemleta," alisema Mize, "na vidole vinne vya ziada umemwongezea."

"Nisingemlisha angekuja?"

"Usingemlisha angecheka tangu asubuhi, na sote tungekuwa tunakula."

Hapo Bi Mwanamkuu aligonga mkongojo chini, na baraza likanyamaza. Aliwasimulia watu wote habari ya ukindu, ya kofia, ya Misri na ya mafuta ya nazi. Aliwaeleza kuwa mwendo wa Mvumoni haukutoka Shirazi. Umetoka katika kidole gumba chake. Wengi hawakuamini, na mjuzi wa nasaba alisema kwa upole kwamba mtu mkubwa hujishusha. Bi Mwanamkuu aliwageukia wale wanawake watatu.

"Nyinyi watatu nimewasikia," alisema. "Lakini yupo wa nne. Huyu hapa ametembea hatua za maumivu asinivunje moyo. Nami sikumwomba. Nilikifanya kitu hicho hicho nikiwa na miaka minane, nikalipwa mume, ukungwi na kiti. Nikimnyima yeye, nimwambie nini?"

Rukia akasema kwamba kungwi wa miaka mitano hajapata kuonekana. Mize akasema kwamba ukimpa kiti kwa kusema havinibani, kesho watoto wote wa mji watavaa vinavyobana. Kibibi alisema yeye hana la kuongeza, ila kama mtoto atapewa kiti, basi atahitaji mlezi wa kukikalia kwa niaba yake, na mlezi huyo anajulikana kwa vitumbua.

Zamda mwenyewe alipoulizwa anataka nini, alisema anataka kivuliwe na hiki kingine, na anataka kuyumba tena.

Bi Mwanamkuu alimvua. Kisha akabaki amesimama, kiatu cha kushoto mkononi, akikitazama kiti kilichokuwa kinayumba na mtoto aliyekuwa anacheka, na wanawake watatu ambao hawajapata kukaa, na sahani ya kwanza ya pilau iliyokuwa imeshapakuliwa na inapoa, kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kula kabla ya mwenye kiti.

Basi ninyi mlionisikiliza mmekaa vizuri, tena miguu mitupu, hivyo hamna kisingizio cha kuumia. Mmoja alikiona, mmoja alikinyoosha, mmoja alimpata wa kukivaa, na mmoja alikivaa akasema hakimbani. Pilau inapoa. Je, sahani ile mngemwekea nani?